Homa ya Mama Mkwe

Kabla mama mkwe wangu hajaja kukaa nasi Ukonga, niliwahi kuingia msibani nikiwa na mkoba wa kazi begani, bila kujua kuwa ni msiba.

Mie ni muuguzi. Wakati ule nilikuwa kwenye timu ndogo ya wauguzi waliokuwa wakitafiti namna familia zinavyowatunza wagonjwa wa saratani nyumbani, baada ya mgonjwa kupewa dripu hospitali na kuruhusiwa kurudi kwake. Tulitaka kujua nani anampikia, wanafanya nini akitapika, vidonda vya mdomoni wanavitibu kwa kitu gani, na homa ikija wanaitambuaje. Tulikuwa na dodoso letu, tunapita nyumba kwa nyumba, tunauliza na kuandika.

Siku hiyo nilikuwa nakwenda kwa fundi mmoja wa vinyago, anakaa nyuma ya soko la Mwenge. Jana yake nilikuwa nimempigia simu mkewe kupanga miadi, akaniambia, "Anaendelea vizuri, braza. Kahoma kadogo tu, tumempa vidonge kameshuka." Nilimwambia ampeleke hospitali siku ileile, asingoje. Akasema sawa, watakwenda.

Nilipokata kona ya uchochoro wao niliona turubai la bluu. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, kimya, na magogo ya mpingo ambayo hayajachongwa yalikuwa yamesogezwa ukutani kupisha watu. Nilisimama pale kama mjinga na dodoso langu. Mkewe aliniona kupitia mlango, akatoka akiwa ameshikwa na wanawake wawili.

"Ilishuka," akaniambia. Alikuwa kama ananibembeleza nimwamini. "Ile homa ilishuka kabisa, wallahi. Akaoga, akasema kesho atakwenda mwenyewe."

Nilimpa pole, nikakaa kidogo na wanaume, nikaondoka. Tangu siku ile homa ikawa kitu kingine kwangu. Darasani nilikuwa nimefundishwa vizuri sana kwamba dawa za saratani haziui saratani peke yake. Zinaua pia zile chembe nyeupe za damu zinazopigana na vijidudu, na kuelekea wiki ya pili baada ya dripu mtu anaweza kubaki na chembe chache mno, karibu hana kabisa. Akipata homa wakati huo, hiyo si homa ya kumeza vidonge na kulala. Mtu anaweza kuongea nawe asubuhi na jioni mkamzika. Yote hayo niliyajua. Kuyajua na kuliona turubai ni vitu viwili tofauti.

Miezi michache baadaye mke wangu alipigiwa simu kutoka Masasi. Mama yake alikuwa na uvimbe kwenye ziwa. Alikuwa ameuficha ndani ya kanga kwa muda mrefu, mpaka ukawa mgumu na ngozi ikaanza kuvutika, ndipo dada mmoja wa jirani akauona wakati wanaoga mtoni. Tukamtumia nauli, akaja.

Inabidi nieleze jambo moja hapa, maana bila hilo yote yaliyofuata yataonekana ya ajabu. Mie ni mtu wa Tabora. Kwetu mwanamume hapeani mkono na mama mkwe wake, hali naye sahani moja, na wakikutana njiani mmoja anapisha. Kwao Masasi nako heshima hiyo ipo, na mama mkwe alikuwa mshika mila kuliko binti yake. Katika miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumtazama machoni. Namfahamu zaidi kwa sauti na kwa nyayo zake, jinsi anavyoburuza ndala, kuliko kwa sura.

Sasa mtu huyo akahamia kwenye nyumba yetu yenye vyumba viwili na sebule, akiwa na ugonjwa wa ziwa, na mkwe wake wa kiume ndiye nesi wa saratani.

Tulimpa chumba cha nyuma, karibu na choo, asipate tabu. Mie nikipita kwenye korido nilikuwa nakohoa kwanza ili ajifunike. Asubuhi nilikuwa nachuchumaa mbali na mlango wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umeamkaje?"

"Salama. Wewe unaendeleaje?"

"Alhamdulillahi. Namshukuru Mungu."

Basi. Kila siku hivyo hivyo. Kazini nilikuwa namuuliza mwanamke nisiyemjua kama choo chake ni kigumu au laini, naye ananijibu. Nyumbani sikuweza kumuuliza mama mkwe kama amepata usingizi. Kila nililotaka kumwambia lilipitia kwa mke wangu, na kila alilotaka kuniambia lilirudi kwa njia hiyo hiyo, likiwa limepunguzwa na haya ya watu wawili. Alipopewa dripu ya kwanza, ile dawa nyekundu, mkojo wake ukatoka mwekundu, akadhani anavuja damu ndani. Alilia na kusema kalima mpaka binti yake alipotoka kuja kuniuliza nje, nikamwambia ni rangi ya dawa, itaisha kesho. Akarudi ndani kumweleza. Mie nikabaki uani nikisikia kilio kinapungua taratibu.

Nilimfundisha mke wangu kila kitu. Kutumia kipimajoto. Kumsukutua mama kwa maji ya chumvi. Kutompa kachumbari wala matunda ambayo hayajamenywa. Na juu ya yote, nikamwambia: "Akipata joto, hata saa ngapi, hata kama anacheka, tunaondoka." Mke wangu ni mwalimu, alinirudia maneno hayo kama mwanafunzi hadi nikaridhika. Dripu ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita, nywele zikaisha, lakini homa haikuja. Nilianza kulala vizuri.

Baada ya dripu ya tatu, mke wangu akateuliwa kusimamia mtihani wa darasa la saba kwenye shule moja ya mbali, ng'ambo ya mji. Wasimamizi wanakaa hukohuko, na simu zao zinakusanywa. Hakutaka kwenda. Mie ndiye niliyemwambia aende, kwa kuwa siku zile nilikuwa nafanyia kazi nyumbani, naingiza majibu ya madodoso kwenye kompyuta. Tulimwomba bimkubwa wa duka la jirani amsaidie mama kuoga mchana. Bimkubwa ni wa familia ya Kiarabu iliyokaa mtaani kwetu tangu pakiwa mashamba. Mtu mzima, mzito wa mwili, mwepesi wa ulimi, na alikuwa amempenda mama mkwe kama dada yake.

Siku ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Siku ya pili bimkubwa alikuja akarudishwa mlangoni. "Kaniambia ameshaoga," alinieleza akipita sebuleni. "Haya, mie nimwoshe kwa nguvu?" Sikutia shaka.

Asubuhi iliyofuata nilipika uji, nikauweka kwenye kigoda nje ya mlango wa mama kama nilivyozoea, nikakohoa, nikasogea. Niliporudi baadaye uji ulikuwa palepale, umeshika utando juu.

"Shikamoo mama."

Kimya. Halafu, kwa mbali, "Marahaba."

Sauti haikuwa yake. Maneno yalitoka mazito, kama ya mtu aliyeweka kitu mdomoni na hataki kukitema. Nikajua ana vidonda vya mdomo. Nikasogea karibu na mlango kuliko nilivyowahi kusogea.

"Mama, uji umepoa. Nikupashie?"

"Hapana baba. Nimeshiba."

"Unaendeleaje?"

"Alhamdulillahi."

Hapo ndipo nilipoisikia. Ilikuwa sauti ndogo, ya haraka haraka, ya mbao ikigonga ukuta. Ikakoma kidogo, ikaanza tena. Nilidhani ni jirani anapigilia misumari. Kisha nikaelewa kuwa inatoka chumbani mle. Ni kitanda. Mtu aliyelala juu yake alikuwa anatetemeka kiasi kwamba kitanda kizima kinagonga ukuta.

Nikakimbilia kipimajoto sebuleni, nikarudi mlangoni.

"Mama, una homa?"

"Hapana. Uchovu tu."

"Kitanda kinagonga."

Nilimsikia anajitahidi kujikaza, kitanda kikatulia kwa pumzi mbili tatu, kikaanza upya.

"Ni upepo," akasema.

Nilijaribu mlango. Alikuwa ametia komeo kwa ndani. Nikamwomba afungue. Nikamwambia nitageuka, nitajifunga kitambaa machoni, nitafanya lolote atakalo, ila afungue nijue joto lake. Komeo halikuguswa. Nikaweka bega kwenye ule mlango. Ulikuwa mlango mwepesi, ningeuvunja kwa msukumo mmoja. Lakini nilijua ndani amelala mwanamke asiye na nywele, mwenye ziwa lililoharibika, pengine hana hata kanga mwilini kwa sababu ya joto, na kwamba nikiingia hivyo, hata akipona hatakaa tena chini ya paa moja na mie. Na nisipoingia, nilikuwa nimeshaliona turubai. Nilitoa bega, nikakimbia dukani pekupeku.

Bimkubwa alikuwa anampimia mteja sukari. Aliponiona tu akaacha mizani.

"Nini?"

"Mama. Homa. Amejifungia."

Hakufunga duka. Alimwambia yule mteja amwangalizie, akajitupia mtandio, akawa mbele yangu njia nzima kwa mwili wake ule, anahema. Alipofika koridoni akaniwekea kidole mdomoni, akasikiliza kile kitanda. Nikaona uso wake ukibadilika.

Akaninong'oneza, "Toka nje. Na geti ulipige lisikike."

"Bimkubwa, mie ndiye ninayejua..."

"Toka nakwambia! Ukiwa humu hafungui."

Nikatoka. Nilipiga geti mpaka bati likalia, nikabaki nimesimama barabarani, nimeegemea ukuta wangu mwenyewe kama mdaiwa. Watu walikuwa wanapita na shughuli zao. Gari la askari magereza likapita. Mama mmoja akanisalimia, nikamwitikia, akaniuliza habari za nyumbani, nikamwambia salama. Nilisema salama! Mkononi nilikuwa nimeshika kipimajoto ambacho nilisahau kumpa bimkubwa.

Nilirudi kwa kunyata kupitia nyuma, upande wa dirisha la chumba cha mama. Pazia lilikuwa limefungwa. Nilimsikia bimkubwa anasema kwa sauti ya chini kabisa, "Dada, ni mie. Mkweo ameondoka. Tupo wenyewe." Nikasikia ndala zikiburuzwa, polepole mno, zinasimama, zinaburuzwa tena. Komeo likavutwa. Kisha bimkubwa akapiga kelele moja fupi ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Ya Rabi!"

Nikaupitisha mkono kwenye nondo za dirisha, chini ya pazia, nikiwa nimegeuza uso. "Kipimajoto," nikasema. "Kwapani. Ngoja kilie."

Nilihesabu pumzi zangu. Kikalia.

"Kinasema thelathini na tisa na nusu."

"Mikono yake?"

"Ya baridi. Baridi kabisa, kama ya samaki. Na mdomo, mwanangu, mdomo wote vidonda, ulimi mweupe. Hajala huyu, sijui tangu lini."

Mwili wa moto na mikono ya baridi. Kila nesi aliyewahi kufanya kazi wodini anajua maana yake, kwamba damu imeanza kuikimbia ngozi. Nilitaka kupiga kelele. Nikasema kwa sauti ya kazi, ile tunayofundishwa, "Sawa. Mvalishe. Tunakwenda hospitali sasa hivi."

Bimkubwa akasema naye kidogo, kisha akaja dirishani. "Hataki. Anasema aachwe apumzike, kesho itashuka."

Kesho. Yule fundi naye alisema kesho. Nikapiga magoti pale chini ya dirisha, kwenye maji machafu ya kuoshea vyombo, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamweleza mama mkwe wangu jambo kwa kirefu, bila mtu wa katikati.

"Mama, nisikilize. Kulikuwa na mtu Mwenge. Mchongaji, wa kusini kama wewe. Alipewa dripu kama zako. Akapata homa, wakampa vidonge, ikashuka. Akasema kesho. Mie nilikwenda kumuona hiyo kesho, mama. Nilikuta watu wamekaa chini ya turubai."

Kitanda kiligonga, kikagonga.

"Alikuwa na watoto?" mama akauliza.

"Anao. Wadogo."

Nikasikia analia, kilio kikavu cha mtu asiye na mate. Kisha akasema, si kwangu, "Nipe ile kanga kubwa. Na kichwa unifunge vizuri."

Niliita bajaji. Wanawake wawili walikaa nyuma, mama ameegemea kifua cha bimkubwa, amefunikwa gubigubi. Mie nikabanana mbele na dereva, nusu ya mwili wangu nje, sikugeuka hata mara moja. Ningeweza kumhesabia pumzi kwa macho, lakini nilimhesabia kwa masikio. Foleni ya Barabara ya Nyerere ilikuwa imesimama. Kila bajaji iliposimama nilisikia pumzi zake vizuri zaidi, fupi fupi, za juu juu, na nilipozikosa kwa sababu ya honi moyo wangu ulisimama nazo. Dereva alipanda pembeni, akapita kwenye vumbi la waenda kwa miguu, watu wakamtukana. "Braza, tunawahi?" akaniuliza. Sikujua anauliza njia au anauliza uhai. Nilimwambia, "Wahi tu."

Nikiwa njiani nilimpigia muuguzi mwenzangu wa zamu, tuliyekuwa naye kwenye utafiti, nikamwambia aandae dawa ya mshipani ya kuua vijidudu. Alitupokea mlangoni na kiti cha magurudumu. Alipompima presha aliipima mara mbili, na mie ninajua kwa nini mtu anapima mara mbili.

"Ni mgonjwa wa utafiti wetu huyu?" akaniuliza huku anatafuta mshipa.

"Hapana. Mama mkwe."

Akainua macho, akanitazama. "Basi hapa si mahali pako. Kaa benchi."

Nilikaa benchi. Kwa miaka nilikuwa nawaambia ndugu wa wagonjwa wakae kwenye benchi lile, na sikujua kuwa ukikaa pale huoni chochote zaidi ya miguu ya watu chini ya pazia. Niliona viatu vya mwenzangu vikienda haraka kushoto, vikirudi. Vikaongezeka viatu vingine. Vikakimbia. Kila vilipokimbia nilijua vinakwenda kwenye kabati gani, na ujuzi huo haukunisaidia kitu, ulinifundisha tu la kuogopa. Bimkubwa alikuwa anazungusha tasbihi pembeni yangu.

Kisha nikakumbuka mke wangu. Alikuwa anatembea katikati ya madawati mahali fulani, hajui. Nilikuwa na namba ya mwalimu mkuu wa shule ile, lakini nitasema nini? Kwetu sie mtu akiitwa kazini akaambiwa "mama yako anaumwa, njoo," anajua amekufa. Hivyo ndivyo tunavyoitana misibani. Nilishika simu, nikaiweka, nikaishika tena. Mwisho nikamwambia mwalimu mkuu, "Tafadhali mwambie mama amelazwa, yuko hai. Umwambie kwa maneno hayo: yuko hai, anaongea." Sikuwa na hakika kama anaongea.

Mke wangu alifika jua linaelekea kushuka, amejifunga kanga kiunoni na nyingine kichwani, kama mtu aendaye msibani. Hakuwa ameamini. Alinishika shati kwa mikono miwili.

"Sema ukweli."

"Yuko hai."

"Ulikuwa nyumbani! Wewe si ndiye nesi? Ulikuwa nyumbani naye!"

Bimkubwa alimtoa mikono, akamkumbatia. Majibu ya damu yalikuwa yameshatoka, mwenzangu alikuwa amenionyesha. Zile chembe nyeupe zilikuwa hazipo, au zilikuwa chache kiasi cha kutofaa kuhesabiwa. Sasa ilikuwa kungoja dawa ifanye kazi, au isifanye.

Ilifanya. Haikufanya haraka, na kulikuwa na wakati madaktari walituita pembeni mie na mke wangu wakazungumza kwa ile sauti ya upole ambayo nami huitumia. Lakini baada ya siku kadhaa homa ikakaa chini, mikono ikapata joto, akaomba uji mwepesi usio na sukari kwa sababu ya vidonda.

Saa za kutazama wagonjwa nilikuwa nakaa nje, barazani, chini ya dirisha la wodi, mke wangu akiwa ndani. Siku moja mama akaniita mwenyewe kupitia dirisha.

"Mkwe."

"Naam mama."

"Yule mke wa mtu wa Mwenge, anaishije?"

Nikamwambia sijui. Sikuwa nimerudi.

"Homa niliiona mapema," akasema. "Tangu nilipomrudisha bimkubwa nisioge. Nilijua ni ile uliyomwambia mwanangu. Si kwamba sikujua."

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Ningemwambia nani? Binti yangu hayupo. Yule bimkubwa nikimwambia atakuita wewe. Ni wewe utakayenishika, wewe utakayenibeba. Nikasema moyoni, kuliko mkwe wangu aje anione hivi, basi heri..."

Hakumalizia. Mke wangu alikuwa ameinamisha kichwa kwenye godoro. Mie nilibaki barazani naangalia vidole vyangu. Hofu iliyonishika pale ilikuwa kubwa kuliko ya koridoni, kuliko ya bajaji, kwa sababu zile nilikuwa namwogopea kifo, na sasa nimejua kuwa nyuma ya mlango ule alikuwa ameshakubaliana nacho, kwa ajili ya kunistahi mimi.

Alimaliza dripu zake zilizobaki. Madaktari walipunguza kipimo, na shemeji yangu wa kike akaletwa kutoka Masasi akalala naye chumba kimoja hadi mwisho. Kila ilipofika wiki ya pili sikuweza kula. Nilikuwa nasimama koridoni kusikiliza ukuta. Akafanyiwa upasuaji, kidonda kikapona, akatamani kwao. Tulimsindikiza Mbagala kwenye mabasi ya kusini. Mpaka leo yuko, anakuja kliniki, analima korosho zake. Simu ya kutoka Masasi ikiita wakati usiozoeleka, mke wangu hunipa mie niipokee, nami huiangalia kwanza.

Kwenye kikao cha utafiti niliwaeleza wenzangu, si yote, ila yaliyotosha. Nikasema dodoso letu linauliza kama ndugu wanaijua homa, wana kipimajoto, wanajua waende wapi. Nyumba yangu ilikuwa navyo vyote vitatu. Kiongozi wetu, mama mmoja mwalimu wa wauguzi, alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Swali lako ni lipi? Litamke kama utakavyomuuliza mtu." Ilinichukua muda. Tulilibadilisha maneno, tukalijaribu, tukalipeleka kamati ya maadili, likarudi limekubaliwa.

Nyumba ya kwanza nilikoliuliza swali hilo ilikuwa Wazo, karibu na kiwanda, nyumba ambayo hata majani ya mpapai wake yalikuwa ya kijivu kwa vumbi la saruji. Mgonjwa alikuwa mzee mmoja, amelala ndani, amepewa dripu wiki iliyopita. Sebuleni walikaa wanaomtunza: mwanawe wa kiume anayefanya kazi za zamu, mke wa huyo mwana, na binti mdogo wa mzee ambaye yuko bweni na siku hiyo alikuwa likizo. Walijibu vizuri sana. Kipimajoto walinionyesha. Dalili walizitaja zote.

Nikauliza, "Kati yenu, nani anaweza kumwona mzee akiwa hana nguo, akamshika, saa yoyote, bila yeye kukataa?"

Mwana akamtazama mkewe. Mkewe akavuta mtandio usoni. Yule binti akaangalia sakafu. Kutoka chumbani mzee akakohoa, na mwana akapaza sauti, "Baba, unaendeleaje?"

"Nzuri tu," mzee akajibu.

Nikaweka kalamu chini, nikamwambia mwana tuingie ndani pamoja, tukampime.